Pua ya Mwanakombo

Mzinga mmoja ulilindwa na nyuki aitwaye Mwanakombo, mwenye pua kali aliyoirithi kwa mama yake, malkia. Kila aliyeingia alinuswa kwanza, na wageni wenye maradhi wakakoma kupita. Basi akaringa.

Siku moja dada zake walirudi kutoka kwenye maua mapya ya mkaratusi.

"Mnanuka ugeni," akasema, akawauma.

"Sisi ni ndugu zako."

"Pua ya ukoo haikosei."

Malkia akatoka kuwauguza, harufu yao ikamganda. Naye pia akaumwa na Mwanakombo, ingawa pua hiyo ilitoka kwake.

Ndipo akaja nondo, mwizi wa nta, ambaye kwa kupenya ufa wa nyuma na kulala kwenye masega alikuwa ananukia asali. Mwanakombo akamnusa, akamwinamia.

"Karibu, ndugu yangu. Sasa tumebaki wenyewe tu."