Mpira Alioudaka Zumbe

Zumbe aliudaka mpira wa ushindi kwa mkono mmoja kwenye mvua kubwa, na uwanja mzima ukaanza kuimba jina lake. Sasa, katika chumba cha kubadilishia nguo, aliubonyeza mpira huo wa futiboli ya Kimarekani, wenye umbo la yai, kidole gumba kikazama.

“Kocha, nani kautoa upepo?”

“Kila timu inaandaa na kurusha mipira yake yenyewe,” kocha alisema huku akikunja taulo. “Ungekuwa umejaa ungekuponyoka. Mikono yako naijua.”

“Kwa hiyo sikudaka mimi.”

“Nenda kawapungie watu mkono.”

Zumbe alitoka na mpira huo hadi mbele ya mashabiki, akaubamiza kwenye saruji kwa nguvu zake zote. Ulitua puu, ukatulia palepale.

Waliokaa mbele wakanyamaza. Wa nyuma, ambao hawakuona, waliendelea kumwimba.