Pua ya Kiboko

Kiboko alisimamia bwawa la majitaka, lakini nyumba yake aliijenga kilimani, upepo unakotokea. Wanyama wa bondeni wakamwendea kulalamika, Bi Kanga mbele. Kiboko akawacheka: "Uvundo uko puani mwenu. Kaogeni!"

Siku alipomwoza binti yake, wanyama wa bondeni ndio waliofunga turubai, kama ilivyo ada ya majirani. Wakalifunga kando ya bwawa. Wakwe wakafika, wakaziba pua, wakarudi walikotoka.

"Nani kaileta arusi yangu kwenye uvundo huu?" Kiboko akafoka.

"Uvundo upi, mzee?" akauliza Bi Kanga. "Mbona sisi tumeoga?"

Kesho yake bwawa likasafishwa. Kumbe pua za wanyonge ni za kupengea kamasi tu. Ya kunusia anayo mkubwa peke yake.