Milanzi Iliyokataa Kukauka

Haya nilisimuliwa na Sekinyaga mwenyewe, kiangazi cha mwaka juzi, tukipukuchua mahindi uani kwake.

Mumewe, Mgongolwa, alirudi mkutanoni na beseni la miche ya parachichi na neno moja: milanzi ing'olewe. Mashina kumi na mawili ya mwanzi unaogemwa pombe ya ulanzi, yako ukingoni mwa mto, aliyapanda marehemu mama yake. Yeye ameyagema miaka arobaini, asubuhi na jioni.

Sekinyaga akamkumbusha yule dada wa misitu aliyekuja kuyapima kwa kamba. Alisema mwanzi wa namna hii haupo nchi nyingi, umejaa ndani, si mtupu kama mingine, na mafundi viti wangeulipia vizuri. Tena ndio unaoshika ukingo usiporomoke. Mgongolwa akasema dada yule ana mshahara, yeye hana.

Wakabishana hadi wakawekeana masharti.

"Mama Festo, kuanzia leo sigemi, na wewe usiguse. Siku saba zikiisha imekauka, nang'oa. Ikiwa bado inatoa, miche hii nampa Komba."

"Na wewe usiguse, Baba Festo."

"Niguse ili iweje?"

Kila mgema anajua: ncha ya mlanzi isipokatwa upya, inafunga. Mbeta, vile vyombo vya mwanzi vinavyokinga utomvu, Mgongolwa akaziacha zikining'inia, majirani wazione zikikauka. Jioni zake zikawa hazina kazi, akawa analala barazani.

Siku ya pili, mbeta zote zimejaa. Ncha zimekatwa ngozi nyembamba, kwa mkono wa mtu anayejua. Mgongolwa akamtazama mkewe. Mkewe akaapa: yeye hushinda shambani, anarudi jua limezama. Siku ya tatu, vilevile. Ulanzi haumwagwi, basi wakaitwa watu wakanywa.

Komba, jirani yao Mngoni, alifika wa kwanza, na lawama zikamwangukia yeye. Akamaliza kikombe kizima ndipo akajibu.

"Mtani, mimi kugema sijui. Kwetu tunajua kunywa tu. Huyo ni mama yako, amechoka kukuangalia ulivyo mvivu."

Watu wakacheka. Mgongolwa hakucheka. Siku ya nne alikwenda akapiga magoti milanzini, akamwomba mama yake radhi, ila akamweleza pia kwamba parachichi lina soko. Siku ya tano mbeta zikafurika.

Sekinyaga naye akashikwa na hofu, lakini nyingine. Ikigundulika kuwa anayegema ni mtu, masharti yamevunjika, na milanzi inang'olewa. Siku ya saba akaacha jembe mapema, akajificha nyuma ya mashina, amuwahi huyo mtu kabla mumewe hajamwona.

Jua lilipoinama akasikia mtu anakuja, anapumua kwa nguvu kama mwenye mzigo. Akavuka mfereji bila kuutazama, akashika mlanzi wa kwanza, akakata ncha taratibu, kama anayemnyoa mtoto.

Alikuwa Mgongolwa.

Sekinyaga akatoka, amejaa maneno. "Baba Festo! Si tulikubaliana?"

Mume akampita kama anavyopita mti, akakata hadi shina la kumi na mbili, akarudi barazani, akajinyoosha kwenye mkeka, na kukoroma kwake, ambako hakukukatika tangu alipoinuka, kukaendelea.