Visima Saba vya Nungunungu

Mwaka ule mvua zilipogoma kukoma, wanyama walividharau visima. Fisi alimuuzia Nungunungu kisima chake kwa viazi viwili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana wee, umenunua shimo la matope!"

"Wewe cheka, mimi nachimba," alijibu Nungunungu. Akanunua vyote saba, akavizidisha kina, akavizungushia ua, akangoja.

Mwaka wa tatu jua likawaka, mito ikageuka mchanga. Wanyama walikuja ndimi nje. Fisi akamvuta Nungunungu pembeni.

"Ndugu yangu, zamu yetu hii! Kila kata ya maji, kikapu cha viazi. Mimi nitakulindia mlango."

Nungunungu alisimamisha miiba yote. Akaung'oa mlango wa ua, akautupa miguuni pa Fisi.

"Kalinde huo. Visima ni vya kila mwenye kiu."

"Una wazimu! Umengoja miaka mitatu ili ugawe bure? Utakufa maskini!"

"Nitakufa maskini, lakini hakuna atakayekufa kwa kiu mbele ya macho yangu. Haya, kapange foleni, nyuma ya Digidigi."

Safari hii Fisi hakucheka. Koo lilikuwa limemkauka, akaenda akapanga foleni.