Masika Wawili

Tangu sheria ile ianze, mtoto alipewa jina la ukoo pale tu mtu wa mwisho kulibeba alipofariki. Watu wawili hawakuruhusiwa kuwa na jina moja.

Mzee Sefu Masika alikuwa hoi kitandani, hafumbui macho, na mjukuu wake alikuwa ndiyo kwanza kazaliwa. Bi Kibibi, mkewe, aliogopa wageni wasije wakaliwahi jina la mumewe. Akamnong'oneza mtoto sikioni, kama ilivyo desturi: "Wewe ni Masika." Mashine ya ukutani, iliyosajili majina, ikasikia, ikawasha taa ya kijani.

Asubuhi yake mzee akafumbua macho, akaomba uji.

Aliumaliza wote, mtoto kampakata. "Unajua jina letu limetoka wapi?" alimwambia. "Babu yangu alizaliwa mvua za masika zikibomoa nyumba. Kila kitu kilikwenda na maji, akabaki yeye."

Tunu, mama wa mtoto, alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, mpaka taa ya ukutani ilipogeuka nyekundu.

"Masika wako wawili," mashine ilisema kwa upole. "Jioni tutakuja kumchukua mmoja. Msipochagua, tutamchukua mdogo."

Bi Kibibi alijiziba mdomo kwa kanga.

"Tunu, mwanangu," mzee alisema, hakuisikia mashine, maana masikio yake yalikuwa mazito siku hizi, "niongezee uji."

Tunu akampokea mtoto, akalichukua na bakuli, akaingia jikoni. Uji ulikuwa bado mwingi sufuriani. Akaufunika bila kupakua, akazima jiko.