Bwana Nani

Jumanne, saa tatu asubuhi, manyunyu. Mpakani, afisa wa uhamiaji alishika pasi zetu mbili.

"Mnafikia kwa nani?"

"Kwa Bwana," mume wangu akajibu. "Tumekuja kuhubiri."

"Bwana nani?"

"Bwana Yesu."

"Huyo namjua, mchungaji," afisa akacheka. "Nauliza mwenyeji wa hapa, mwenye mlango wa kupigia hodi."

Kidole gumba cha mume wangu kilisugua jalada la Biblia, pale ambapo rangi ilikwisha kubanduka.

Tangu mwaka jana alikuwa akiniambia, "Bwana ametuandalia nyumba kule." Nami nilimwona huyo bwana waziwazi: mnene, mcheshi, funguo mkononi. Kwa ajili ya nyumba yake nilimwachia dada yangu mtoto anayenyonya, mpaka tutakapotulia.

"Na wewe mama, unafikia kwa huyohuyo?"

Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu. Niliyatazama kama ya mtu mwingine.

"Mimi nilidhani ni mtu," nikasema, nikanyoosha mkono anirudishie pasi yangu.

Afisa aligonga muhuri kwenye pasi moja. Mume wangu alivuka na Biblia yake na sanduku letu. Mimi niliuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.