Kata Mgongoni

"Kata mgongoni," mwanamke alisema. "Anzia shingoni, teremka mpaka kwenye pindo."

Afisa wa forodha aliushusha mkasi. Pale kaunta walimwita Bi Mkasi, na jina hilo hakupewa bure. Watu walimlilia, walimvika vilemba vya ukoka, walimwapiza. Mmoja aliwahi kuzirai juu ya suti yake. Lakini wa kumwonyesha pa kukata, huyu alikuwa wa kwanza.

Sheria yenyewe haikuwa na fumbo. Nguo ya sampuli, ile anayoagiza fundi ili aitazame na kuiga mshono, huingia nchini bila ushuru. Sharti lake ni kwamba iharibiwe hapo hapo kaunta, ikatwe mahali panapoonekana, isije ikauzwa wala kuvaliwa. Asiyetaka mkasi hulipa ushuru kamili, na hulipa baada ya mthamini kuikagua nguo. Mthamini alikuwa safarini hadi Jumatatu.

Na hii haikuwa nguo ya kukatwa. Lilikuwa gauni la harusi, jeupe, mikono mirefu ya lesi, shingo iliyopanda mpaka kidevuni, vifungo vya lulu kifuani. Hata Mzee Toroli, mpagazi wa ghala, alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kulisogelea.

"Mama, mimi hukata kifuani," Bi Mkasi alisema. "Ndipo panapoonekana."

"Kifuani hapana." Yule mama aliweka viganja juu ya vifungo. Vidole vyake vilikuwa vya fundi cherehani, vimechomwachomwa na sindano, na macho mekundu kama ya mtu aliyekesha kazini. "Mbele niachie. Nyuma kata upendavyo."

"Nyuma utatia zipu, wiki ijayo utaliuza."

"Nikilitia zipu njoo unifunge, dada."

Bi Mkasi alichekea puani. Alikuwa na binti wa kuozesha nyumbani. Bei za magauni alizijua, na mafundi aliwajua. "Hebu niambie ukweli. Uliliagizia nini?"

"Mwanangu alilichagua kwenye simu. Nikamwambia, la kununua hutavaa, mama yako fundi. Nitaagiza sampuli, niitazame, nikushonee la kwako, likukae kama ngozi." Fundi alikipapasa kifungo kimoja cha lulu. "Sikuwahi. Muda umenikatikia."

"Aa! Kumbe kuna bibi harusi!" Bi Mkasi aliufunga mkasi. "Basi hili si sampuli, ni nguo ya kuvaa. Rudi Jumatatu umwone mthamini."

"Jumatatu nitakuwa nimechelewa."

"Harusi isogezwe mbele. Kwani nani atakufa?"

Simu ililia mkobani mwa fundi, ikanyamaza, ikalia tena.

"Mama, mficha maradhi kilio humuumbua," Bi Mkasi alisema. "Unanificha nini?"

"Nisikilize." Fundi aliongea taratibu, kama anayefuata mshono kwa kidole. "Ukilipasua nyuma juu hadi chini, bibi harusi gani atasimama nalo mbele za watu? Atatembeaje? Atageukaje?"

Bi Mkasi alifikiri. Kweli. Nguo kama hiyo ingemdondoka mtu mabegani kabla hajainua mguu.

"Bosi, huyu anataka la kuvika sanamu," Mzee Toroli alidakia. "Yale ya dirishani dukani. Yale hayageuki, nyuma yamebanwa pini tu. Mke wangu alinunua gauni kwa kuangalia sanamu. Alipolivaa, nikamuuliza lile la dukani liko wapi. Nililala sebuleni."

Bi Mkasi alibana kicheko, akamgeukia fundi. "Ni la kuonyeshea?"

"Watu watalitazama kesho," fundi alisema. "Kisha basi. Hakuna atakayelitazama tena."

Kuonyeshea hakukatazwi. Bi Mkasi alililaza gauni kifudifudi, akapenyeza ncha ya mkasi chini ya ukosi. Wenye nguo, kwa kawaida, hutazama pembeni. Huyu aliinama, akakiongoza kitambaa kwa mikono miwili ili mkasi usipinde, kama mama anayemtuliza mtoto kwa kinyozi. Walipofika kwenye pindo alishusha pumzi.

"Ahsante, dada. Umekata vizuri. Mikono yangu isingeweza."

"Fundi gani huyo anaogopa mkasi?"

Fundi alilikunja gauni, akalipakata, akatoka nusura akimbie.

Ndani ya boksi lilikuwa limebaki shela. Bi Mkasi alilinyanyua, jepesi kama mvuke. Kisheria alipaswa kulitoboa nalo. Akalitazama, akautazama mkasi, akauacha mkasi mezani.

"Hata sanamu lina haki ya shela," alimwambia Mzee Toroli, akatoka mbio.

Nje gari lilikuwa linanguruma. Fundi alikuwa kiti cha nyuma, gauni mapajani, simu sikioni, kisogo kikielekea dirisha lililo wazi. Bi Mkasi alinyoosha mkono wenye shela.

"Nipo njiani, kaka, tafadhali msifunge mochwari," fundi alikuwa akisema. "Na huo mkasi wenu uwekeni tu. Mgongoni limeshakatwa; tutamvika mwanangu bila kumwinua."